Anza na Daftari la Tano

Kanazi, Ngara
4 Machi 1937

Kwa Bwana Hatibu bin Amri, mwandishi wa Rutare,

Hunijui, nami nakujua kwa mwandiko tu. Naitwa Generoza, binti wa marehemu Habimana. Hapa Kanazi nafundisha kusoma wanawake wanaojiandaa kwa ubatizo. Salum mchuuzi wa chumvi, aliyeanza njia ya huku mwaka jana, alilala kwetu mwezi uliopita akasahau daftari moja kikapuni. Kila ukurasa una picha na maneno chini yake, na juu limeandikwa "Rutare, Daftari la Kumi na Moja". Nimelisoma mara tatu. Wanawake wangu, ambao katekisimu huwapa usingizi, siku hizi wanafika kabla yangu na kugombea kukaa mbele.

Taabu yetu ni kwamba hatuelewi nusu ya mambo. Huyu Rutare mwenye kifua cha jiwe, anayevuka mto Ruvubu kwa hatua moja, katoka wapi? Kwa nini anatembea na mwiko mkubwa begani? Na yule mwanamke mwenye jicho moja ni adui yake au shemeji yake? Auleria anasema shemeji, Deodata anasema adui, na juzi nusura washikane. Salum anatuambia madaftari yamefika kumi na manne. Mtu mgeni aanzie wapi?

Jina lenyewe limetufurahisha, maana kwa lugha yetu urutare ni mwamba. Wewe mtu wa mjini ulilipata wapi?

Lipo na jambo la pili, ambalo kwangu ndilo la kwanza. Kaka yangu Gozbert alikuja Biharamulo mwaka 1932 kutafuta kazi ya ukarani. Alituandikia mara nne, kisha kimya, sasa ni mwaka wa tatu. Mama yetu, Ildefonsa, hajui amlilie au amngoje. Akisikia kuna mtu ametoka Biharamulo, huacha jembe shambani akaenda kumwuliza. Gozbert ni mrefu, ana pengo la jino la mbele, na hupenda sana kuchora. Kama unamjua, au unamjua anayemjua, tafadhali niandikie hata mstari mmoja.

Wako,
Generoza binti Habimana


Biharamulo
19 Machi 1937

Bibi Generoza,

Salaam sana. Barua yako ilinikuta dukani kwa baba nikipima sukari. Nikaiacha sukari kwenye mizani nikasoma, na mteja akaondoka akinung'unika. Ni mara ya kwanza naandikiwa kutoka Kanazi. Sikujua kama Rutare amefika mbali kuliko mimi.

Sasa swali lako. Kila mtu huniuliza hilo, na kila mtu hukosea namna moja: anaona kuna daftari la kwanza, basi anataka aanze la kwanza. Usifanye hivyo. Anza na daftari la tano. Manne ya mwanzo ni ya mkono ambao haujakomaa. Picha zimepinda, wino umefifia, na Rutare mwenyewe hajajijua ni nani. Tena mchwa wameyala, siyaazimishi tena. Hujakosa kitu. Katika la tano Rutare anaamka pangoni, hakumbuki lolote la nyuma, kwa hiyo wewe na yeye mtaanza safari pamoja.

La sita na la saba yasomwe kwa mfululizo, maana humo ndimo vita vya Mfalme wa Mbung'o, na humo utaiona kazi ya mwiko. Rutare hampigi mtu kwa mwiko, Bibi. Anapika. Yeye ana karamu isiyokwisha. Adui akionja tonge la kwanza hulegea, akimeza la pili husahau waligombea nini. La nane waweza kuliruka, niliandika nikiwa na homa. Katika la tisa Rutare anakufa. Waambie wanawake wasilie, katika la kumi anarudi, mashujaa wa aina hii hawafi wakakaa. La kumi na moja mnalo. Kuhusu mwanamke wa jicho moja, Auleria na Deodata wote wamepata, na sitasema zaidi.

Salum anakuletea la tano, la sita na la saba. Msiyashike na mikono ya mafuta.

Jina la Rutare nililisikia sokoni, likanikaa.

Ama huyo kaka yako, simjui. Watu wa kwenu wanaopita hapa ni wengi, na majina yao hayakai kichwani. Niwie radhi.

Hatibu bin Amri


Kanazi
11 Aprili 1937

Bwana Hatibu,

Tumeyasoma yote matatu. Ulisema kweli, la tano linampokea mgeni vizuri, hata Zita aliyeanza kusoma juzi alilimaliza mwenyewe kwa kidole. Vita vya mbung'o tulivisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza kelele zilikuwa nyingi mno.

Lakini kuna mstari umeninyima raha. Daftari la sita, ukurasa wa tisa: "Rutare alipochoka kufikiri, aliichomeka karamu yake nyuma ya sikio." Labda wasomaji wako wa mjini walicheka, wakadhani ni utani wako. Wanawake wangu hawakucheka. Zita alisema tu, "Kama karani wa Mwami," tukaendelea.

Hawakuona kosa kwa sababu kwao halikuwa kosa. Mimi Masista walinichapa vidole miaka miwili kwa ajili ya r na l, ndiyo maana nililiona. Huku kwetu kitu cha kuandikia wengi hukiita karamu, na hukiandika hivyohivyo. Wewe, Salum ametuambia, ni mtoto wa watu wa pwani. Hata ukiamshwa usingizini huwezi kuchanganya kalamu na karamu. Basi mstari ule si wako. Aliuandika mtu wa kwetu, wewe ukaunakili. Na kama ni hivyo, Rutare hakuwahi kuwa na karamu. Alikuwa na kalamu, na kile unachokichora begani mwake sicho mwiko.

Gozbert alichomeka kalamu nyuma ya sikio tangu yuko shuleni, mpaka ngozi ya hapo ikawa ngumu.

Nakuuliza kwa adabu, Bwana Hatibu. Kabla yako nani aliandika?

Generoza


Biharamulo
2 Mei 1937

Bibi Generoza,

Ule ulikuwa utani, kama ulivyokisia mwanzoni. Shujaa mwenye karamu isiyokwisha hukosi siku moja kumwona ameichomeka nyuma ya sikio. Walimu mna macho makali sana.

Lakini nimeona unavyoteseka, nikakuulizia. Mzee mmoja hapa mjini, aliyewahi kufanya kazi boma, anamkumbuka Gozbert mwenye pengo. Anasema alivuka kwenda Uganda mwaka wa nzige, pamoja na vijana wengine waliokuwa wakifuata kazi ya pamba, naye alikuwa mzima wa afya na mwenye furaha. Wa Uganda hukawia kurudi, na posta ya kule wanasema haiaminiki. Mwambie mama atulie moyo.

Naomba tuyaache hayo ya nani aliandika nini. Nakupelekea la nane hata kama nilisema uliruke.

Hatibu bin Amri


Kanazi
23 Mei 1937

Bwana Hatibu,

Nilipomsomea Mama barua yako aliomba nisome tena pale penye neno "mzima". Nikasoma. Akatoka nje akaanza kung'oa nyasi mbele ya nyumba ya Gozbert, ambayo tulikuwa tumeiacha ianguke. Jumatatu iliyofuata aliwaita wajomba, sasa imeezekwa upya. Ndizi za pombe zimekwisha fukiwa ziive, eti asije akarudi akakuta hakuna cha kuwapa majirani. Na Padri alipomwuliza kama aendelee kumtaja Gozbert katika sala za marehemu, Mama alimjibu, "Umtoe leo hii, Padri, mwanangu yuko Uganda."

Amenituma nikuandikie maneno yake kama alivyoyasema: "Mwambie huyo Bwana nimerara usingizi jana. Tangu mwaka ure ndiyo mara ya kwanza."

Nakuomba msamaha kwa yale niliyokuandikia mwezi uliopita. Nilikuwa nakushuku bila haki. Hasira ya kungoja humfanya mtu aone wezi kila mahali.

Kama yale manne ya mwanzo hayajaliwa yote, tuazime hata vipande. Wanawake wanataka kumjua Rutare kabla hajaingia pangoni.

Mungu akubariki na nyumba yako,
Generoza


Biharamulo
10 Juni 1937

Dada Generoza,

Mimi ni Sharifa, dada yake Hatibu. Barua yako ya mwisho niliikuta chini ya busati dukani. Nimeisoma kwa sababu naweza kusoma. Zamani nilijua herufi za Kiarabu tu. Hizi ninazokuandikia alinifundisha kaka yako.

Dada yangu, Gozbert hakwenda Uganda. Alikaa chumba cha uani cha nyumba hii karibu miaka miwili. Mchana alikuwa karani wa mnunuzi wa ngozi, jioni alikuwa akiandika Rutare na kumchora. Mimi nilikuwa nimefiwa na mume, nimemaliza eda, nimerudi kwa baba. Alinifundisha kwa daftari la kwanza, yeye ukumbini, mimi ndani ya mlango. Hatibu aliyapenda yale madaftari kuliko sote. Aliyanakili na kuyaazimisha watu.

Halafu Gozbert akashikwa na kifua. Alikohoa miezi mitatu. Uji nilimpikia mimi. Aliwaandikia ninyi barua, mtu aje amwone, na kwa kuwa hakuweza kutembea hadi posta alimpa Hatibu. Kila Hatibu akiingia, Gozbert alikuwa akimwuliza, "Wamejibu?" Hatibu alikuwa akijibu, "Bado." Alifariki mwezi wa Oktoba mwaka 1934. Walimzika watu wa dini yake, na kaburi nalijua, nalipalilia. Katekista alipouliza habari za ndugu, Hatibu alimwambia mmekwisha andikiwa.

Wallahi niliamini mliandikiwa mkanyamaza. Niliwachukia miaka yote hii. Nimejua juzi tu, kwa barua yako.

Madaftari manne hayajaguswa na mchwa. Nimeyatoa sandukuni nikampa Salum, Hatibu hajui bado. La nne usilisome mbele ya watu.

Sharifa binti Amri


Kanazi
1 Julai 1937

Hatibu,

Leo sikuiti Bwana.

Nimeanza na daftari la kwanza, kama wapumbavu wote wanavyofanya. Rutare anaandika "maji" juu ya mchanga, maji yanatoka. Anaandika "chakura", watu wenye njaa wanakula hadi wanashiba, na chini Gozbert ameandika, "Ndiyo kazi ya karamu yake." Sasa najua ulipopotelea. Uliishi naye nyumba moja miaka miwili, ukanakili kila neno lake, na hukumwuliza hata mara moja shujaa wake amebeba nini begani.

Hilo ningekusamehe. Hata jina lake kulifuta ningejitahidi. Lakini umefungua daftari la nne mara ngapi, Hatibu, ukaona zile kurasa tatu za mwisho, kisha ukawaambia watu hawajakosa kitu? Rutare amelala kwenye kitanda cha kamba. Kifua cha jiwe kimepasuka. Hana nguvu ya kuandika maji wala chakula, anaandika neno moja ukutani, tena na tena, mpaka ukuta umejaa: Nyandwi, njoo. Nyandwi ni mimi. Ndilo jina letu la mtoto wa saba, na nyumbani hakuna anayeniita Generoza.

Ningesikia ningekwenda kwa miguu. Ni mwendo wa siku nne. Yeye amekufa akiamini kwamba sisi tumesikia, tukakataa.

Na mimi nilikuomba msamaha. Hilo linaniuma hadi sasa, kwamba uliisoma barua ile ya shukrani ukaitia chini ya busati. Mama nilimwambia Jumapili. Alikuwa anasuka mkeka wa kitanda cha Gozbert, umebaki shubiri moja. Aliniuliza, "Yure Bwana arimwona wapi, Uganda?" Nikamwambia hakumwona, alitudanganya. Akauliza kwa nini. Swali hilo nalileta kwako. Miaka mitatu iliyopita ulimnyima mwanawe, na mwaka huu ukampa ili umnyang'anye tena. Nakuchukia, na naliandika neno hilo nikijua maana yake.

Mama anataka barua ya mwanawe. Kama umeichoma, sema umeichoma.

Generoza


Biharamulo
20 Julai 1937

Bibi Generoza,

Sikuichoma. Imo ndani ya hii, haijafunguliwa. Sikuwahi kuwa na moyo wa kuifungua wala wa kuitupa.

Nitakueleza bila kujitetea. Gozbert alipougua, mimi nilikuwa nimekwisha azimisha daftari la kwanza na la pili mjini, na watu walipouliza ni kazi ya nani nilisema ni yangu. Mara ya kwanza uongo ulinitoka tu mdomoni. Kufika wiki ya pili nikipita sokoni wananiita Bwana Rutare. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuitwa chochote zaidi ya mtoto wa Amri wa dukani. Ndipo Gozbert akanipa barua. Nikafikiri, ndugu wakija wataona madaftari, watayataka, watasema haya ni ya mtu wetu, nami nitarudi kuwa mpima sukari mbele ya mji mzima. Nikasema nitaituma wiki ijayo. Nikasema nitaituma akipata nafuu, ili isiwashtue. Halafu hakukuwa na haja ya kuituma.

Sharifa alimfumba macho. Mimi nilikuwa chumba cha mbele nikiandika la tano.

Ile habari ya Uganda niliiona ni huruma kwa mama yako. Sasa naona niliyekuwa namhurumia ni mimi.

Kalamu sikuijua, hilo ni kweli; ule mstari wa la sita niliutoa katika karatasi alizoacha. Alipokuwa hai niliona haya kumwuliza, ingejulikana kwamba sikuelewa. Alipokufa sikuwa na wa kumwuliza.

Madaftari manne yabaki kwenu. Yangu kumi nitayachoma ukiniambia.

Hatibu


Kanazi
12 Agosti 1937

Hatibu,

Tuliifungua Jumapili baada ya Misa, mimi na Mama, mlango umefungwa. Nakunakilia alivyoandika, na r zake zote.

"Mama, shikamoo. Usirie. Nimerara kitandani mwezi wa piri sasa, kifua kinauma, rakini sijatupwa. Niko kwa Hatibu, ndugu yangu, chakura chake ndicho changu. Namtaka Nyandwi aje, asikawie. Akija asidai madaftari ya Rutare. Nataka yote niyaache kwa Hatibu, ayaendereze nikifa, aandike jina rake, maana hakuna anayempenda Rutare kama yeye. Sijamwambia. Jambo ra namna hii rataka ndugu awe shahidi, asije akaitwa mwizi. Ndiyo maana namngoja Nyandwi."

Mama aliniambia nisome mara moja tu. Akasema alichotaka mwanawe kitafanyika, hata kama kinamuuma. Kwa hiyo Salum anakuletea manne yote, na kumi yako usiyachome. Andika jina lako, ushahidi wake ni barua hii.

Kurasa tatu za mwisho za daftari la nne nimezikata. Hizo aliniandikia mimi.

Usituandikie tena.

Nyandwi